Kumbatio la ngozi kwa ngozi: mwongozo wa kumlea mtoto njiti nyumbani, hapa Bukavu

Mama anatoka maternite na mtoto wa kilo moja na nusu. Wauguzi wamemwonyesha jinsi ya kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, na akiwa pale wodini kila kitu kilionekana chepesi. Anafika nyumbani Kadutu, Bagira au Panzi, usiku unaingia, na maswali yanaanza. Hatakosa pumzi? Nitalala namna gani? Mama mkwe anataka nimtie mgongoni, nimjibu nini? Baba yake naye anaweza kumbeba? Nitamfungua lini?

Maswali haya yananifikia karibu kila wiki, kila mara kutoka kwa mama mwingine. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi. Hapa nayaandika ili uyasome polepole, kisha umpe simu mtu mwingine wa nyumbani naye asome.

Shika jambo moja kabla ya yote: kumbatio hili ni dawa, na dawa ina kipimo. Kipimo chake ni saa. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022, linasema mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au akiwa chini ya gramu 2500 akae kifuani kati ya saa 8 na saa 24 kwa siku, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo anavyofaidika. Kumbeba dakika chache asubuhi na chache jioni ni mapenzi mema, lakini hakutoshi kumkuza mtoto mdogo hivi. Karibu makosa yote nitakayokuonyesha huku chini yanatokana na kuzipunguza saa hizo bila kujua.

Kwa nini inasaidia

Kwa ufupi tu. Njia hii ilianza Bogotá, huko Colombia, mwaka 1978. Munganga (daktari) Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko kuvezi zake, zile mashine za kuwapasha joto watoto njiti, na waliolazwa pamoja ndani ya kuvezi moja walikuwa wakiambukizana. Akawarudisha vifuani mwa mama zao, wakanyonya maziwa ya mama, na familia zikarudi nyumbani mapema. Watu wakaiita njia ya kanguru, kwa ajili ya yule mnyama anayemkuza mtoto wake mfukoni.

Mtoto njiti ana mafuta kidogo sana chini ya ngozi, kwa hiyo joto linamtoka haraka, na nguvu ambazo zingemwongezea uzito zinakwisha katika kujipasha moto. Kifuani mwako anapata joto bila kulitafuta. Pumzi yako inayopanda na kushuka inamsaidia naye apumue kwa mpangilio, maana watoto hawa wakati mwingine husahau kupumua. Na mwilini mwako wewe mama, mguso wa ngozi unaamsha homoni ya oksitosini: maziwa yanashuka, moyo unatulia, na ile hofu uliyotoka nayo chumba cha kujifungulia inaanza kulegea. Watu wazima wakikumbatiana kwa dhati hupata utulivu wa namna hiyohiyo. Tofauti ni kwamba lako hili litaendelea kwa wiki nyingi.

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3000 waliozaliwa na uzito wa kati ya gramu 1000 na 1799. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa uchache wa robo kuliko wale waliosubirishwa kwanza hadi hali zao zitulie. Na kule Bogotá, waliowafuatilia watoto wa kanguru hadi umri wa miaka 20 walikuta vijana wenye utulivu zaidi na waliokosa masomo kwa uchache. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba umepewa kikwembe (kitenge) cha kumfungia kwa sababu hospitali imekosa kuvezi, usikubali aibu hiyo. Hata Uswidi, wasikokosa mashine, wazazi wanawafunga watoto wao kifuani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza ruhusa ya munganga. Mwongozo huu ni kwa mtoto ambaye tayari anapumua mwenyewe, anameza maziwa, na hana ugonjwa unaohitaji dawa za hospitali. Kama mtoto mdogo amezaliwa nyumbani au njiani, acha kusoma: mkaushe, mfunge kifuani sasa hivi, na uende hospitali hivyohivyo.

Kisha vitu hivi:

- Vikwembe viwili au vitatu vya pamba laini. Kikwembe kipya kigumu kifue mara kadhaa kwanza. Kitambaa cha pamba kinachovutika kinashika vizuri zaidi.
- Kofia mbili, soksi, na nepi za kutosha.
- Blauzi au shati linalofunguka mbele, na triko kwa ajili ya usiku.
- Mito mitatu au minne, au godoro dogo la kukunja nyuma ya mgongo.
- Kikombe kidogo kisicho na ncha kali, na chombo chenye mfuniko cha kukamulia maziwa, vyote vya kuchemshwa.
- Kipimajoto.
- Sabuni na maji karibu na mlango, ili anayeingia aanzie hapo.
- Daftari na kalamu.
- Mtu wa pili. Huyu usimchukulie kama nyongeza. Bila yeye vingine vyote havitakusaidia.

Tahadhari ya ngozi: ukiwa na homa na vipele au vidonda vinavyofanana na mpox, usimweke mtoto kifuani kwanza; nenda kituo cha afya, na mtu mwenye afya njema ashike nafasi yako. Ugonjwa huo umepita sana katika mkoa wetu tangu ulipoenea Kamituga, na unaambukizwa kwa kugusana ngozi. Mwenye kikohozi cha muda mrefu naye apimwe kabla ya kumbeba. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI hana kizuizi: anambeba na kumnyonyesha, mradi aendelee na dawa zake na mtoto apewe zake.

Hatua ya 1: Panga watu wa nyumbani

Hapa ndipo nyumba nyingi zinashindwa, na karatasi ya hospitali haipasemi.

Wiki ya kwanza kila mtu anasaidia. Ya pili wageni wanapungua. Bido (madumu) za maji zinamngoja mama, watoto wakubwa wana njaa, nguo zimejaa. Anamfungua mtoto "kidogo tu" ili asonge fufu. Kidogo hicho kinakuwa saa nne, kesho saa sita. Uzito unasimama, na watu wanaanza kunong'ona kwamba mtoto huyu hakuja kukaa. Mtoto hana neno. Saa zake ndizo zilizochukuliwa na kazi.

Kwa hiyo, kabla hamjatoka maternite, kaeni chini: baba, koko (bibi), wifi, hata jirani mnayeaminiana. Gawaneni kazi kwa majina. Nani atachota maji? Nani atakwenda soko la Kadutu? Nani atapika, nani atawaamsha wakubwa waende shule? Nani atambeba mtoto mama akioga na akilala mchana? Andikeni kwenye karatasi ya daftari na muibandike ukutani.

Baba, hapa nazungumza nawe. Kifua chako kinatoa joto la kutosha kabisa, na kama mama amepasuliwa, siku za kwanza kifua chako ndicho kilichopo. Wanaume wengi wananiambia wanaona haya. Naielewa haya hiyo, wengi wetu hatukuwaona baba zetu wakibeba watoto wachanga. Lakini funga mlango, vua shati, mchukue. Akilala hapo saa mbili, mkeo atakuwa amelala saa mbili, na hiyo ni zawadi ambayo pesa za sokoni hazinunui.

Na mama naye akumbatiwe. Anayezaa kabla ya wakati mara nyingi anajilaumu: labda ni ule mzigo niliobeba, labda ni ule ugomvi, labda kuna aliyeniroga. Usimwambie "Mungu atakupa mwingine". Huyu yuko hai, yupo hapa. Kaa naye, mshike bega, mkumbatie ikiwa anapenda, mpe uji wa masoso ukiwa bado moto, na umwache aseme. Akiendelea kulia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, akikosa usingizi hata mtoto anapolala, au akikataa kumtazama mtoto, mpelekeni kwa muuguzi. Huo ni ugonjwa na unatibika, tena mapema.

Hatua ya 2: Tayarisha chumba

Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na mnaijua baridi ya alfajiri, hasa kiangazi. Ziba nyufa zinazopitisha upepo upande wa kitanda, weka zulia au kikwembe kinene sakafuni.

Lakini mbabula, jiko la makala, isiingie chumbani. Isiingie hata makala yakiwa mekundu na moshi umekwisha, kwa sababu hapo ndipo yanapodanganya: hewa ya sumu inayotoka haina harufu wala rangi, na imewamaliza watu usingizini. Kifua chako ndicho kipasha joto. Chupa ya maji moto usimlaze nayo mtoto, ngozi yake inaungua upesi. Na asivute mtu sigara ndani ya nyumba.

Hatua ya 3: Nawa na vua

Nawa mikono hadi viwiko kwa sabuni. Vua pete, saa, shanga na sidiria. Usipake manukato wala mafuta yenye harufu kifuani. Mtoto anakutambua kwa harufu yako mwenyewe. Yeye abaki na nepi, kofia na soksi tu. Wengi wanamwachia shati "asipate baridi", na shati hilo ndilo linalomzuilia joto lako.

Hatua ya 4: Mweke kifuani

1. Kaa ukiegemea.
2. Mkono mmoja upite nyuma ya shingo na mgongo wake wa juu, vidole vikishika taya kwa upole. Mwingine uwe chini ya matako.
3. Mlete wima katikati ya matiti, kifua chake juu ya kifua chako, tumbo lake likiwa juu ya kitovu chako.
4. Kunja miguu yake itanuke kama ya chura, na mikono ikunjike pembeni.
5. Geuza kichwa upande mmoja, kidevu kikiinuka kidogo.

Kidevu ndicho cha kuchunga kuliko vyote. Kikiangukia kifuani mwake, njia ya hewa inajibana. Shingo ikipinda sana kwenda nyuma, inajibana pia. Pua na mdomo vionekane wakati wote. Hapo utakuwa umejibu lile swali la "hatakosa pumzi?": akiwekwa hivi, anapumua vizuri.

Hatua ya 5: Mfunge

Weka katikati ya kikwembe mgongoni mwa mtoto. Ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake, ili kichwa kisianguke. Ukingo wa chini upite chini ya matako. Mtu wa pili avute ncha nyuma ya mgongo wako, azipishanishe, azirudishe mbele na kufunga ubavuni. Fundo lisikae mgongoni, litakuumiza ukilala.

Kaza kwenye kifua chake, legeza kwenye tumbo, maana anapumua kwa tumbo. Kisha simama ukiwa umeweka mkono chini yake, tembea hatua chache, inama kidogo. Akiteleza, fungua uanze upya bila haraka. Vaa blauzi na triko juu. Kikwembe cha kufunika kiishie shingoni mwake. Uso hatufuniki, hata mvua ikinyesha. Tafuta mwavuli.

Hatua ya 6: Mkague

Siku za kwanza mtazame mara kwa mara: anapumua? midomo ina rangi yake? kidevu kimeinuka? Gusa miguu: iwe na joto sawa na tumbo. Kipimajoto kikae kwapani. Tunataka kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mwanzoni pima kila baada ya saa 6. Siku tatu mfululizo zikipita bila joto kuyumba, mara mbili kwa siku zinatosha. Andika kila kipimo kwenye daftari.

Hatua ya 7: Mlishe

Maziwa ya mama, kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku na mchana. Usingoje alie, njiti mara nyingi halii, analala tu huku njaa inamnyong'onyeza. Mwamshe kwa kumsugua nyayo.

Anyonye bila kutolewa kifuani, legeza kikwembe tu. Asiyeweza kunyonya bado apewe maziwa yaliyokamuliwa, kwa kikombe: mketishe karibu wima, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, acha ayalambe mwenyewe. Ukimmiminia anapaliwa. Kiasi cha kila mlo mtapewa na muuguzi kufuatana na uzito. Maziwa yaliyokamuliwa yakae kwenye chombo safi chenye mfuniko, mahali penye ubaridi, yasizidi saa 4. Biberoni (chupa ya kunyonyeshea) achana nayo, ni ngumu kusafisha na humvuruga anayejifunza kunyonya. Maji, chai ya majani, na maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa maji, hapana.

Wewe mama kula. Sombe, maharage, sambaza za ziwa letu, uji, na maji mengi.

Hatua ya 8: Lala naye

Ndiyo, usiku pia, na usiku ndipo saa nyingi zinapopatikana. Panga mito ili mgongo wako uinuke, usiwe umekaa wala kulala chali kabisa. Mtoto abaki amefungwa wima. Usilale naye kwenye kochi, na usigeuke ubavu. Aliyekunywa bia, kasiksi au dawa ya usingizi asimbebe usiku huo, hata akisema yuko sawa.

Hatua ya 9: Tembea, lakini chagua kazi

Mtoto akiwa kifuani unaweza kutembea, kukunja nguo, kuchambua maharage, kumsomesha mkubwa wake. Kubeba bido, kutwanga sombe na kupika juu ya moto ni vya wengine kwa sasa. Kanisani na sokoni ngoja kwanza. Kila mtu atataka kumshika na kumpulizia kikohozi.

Siku ya kwenda kupimwa, usimbane mtoto kati yako na dereva wa moto (pikipiki) kwenye barabara zetu zenye mashimo. Kata fedha mahali pengine upate taksi, au tembea.

Na ikiwa mnalazimika kukimbia, kama ilivyowapata wengi Februari 2025 vita vilipoingia mjini, kifuani ndipo mahali pake. Mikono yako inabaki huru, naye anabaki na joto na maziwa. Chukua kofia yake ya pili na daftari.

Hatua ya 10: Badilishaneni

Kila akiwekwa kifuani akae angalau saa nzima. Kumtoa na kumrudisha kila mara kunamchosha. Anayepokea zamu awe tayari amenawa na kuvua shati kabla hamjafungua kikwembe, ili mtoto asikae wazi. Kumsafisha ni kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, sehemu kwa sehemu. Beseni lingoje hadi muuguzi aruhusu.

Hatua ya 11: Pima uzito

Siku za kwanza baada ya kuzaliwa mtoto hupungua kidogo. Akishaanza kupanda, tunatazamia gramu 15 kwa kila kilo yake, kwa siku. Kwa mtoto wa gramu 1500 hiyo ni kama gramu 150 kwa wiki. Rudi kituo cha afya kwa tarehe uliyopewa hata ukimwona mnene, na upeleke daftari. Muuguzi akiona saa na joto ulizoandika, atajua pa kuanzia.

Kuhusu mgongo

Mama mkwe anasema kwa upendo, aliwalea wote mgongoni nao wakakua. Mjibu kwa heshima: "Mama, mgongo anaungoja, akishakaza shingo utamfunga wewe wa kwanza." Mgongoni humwoni akibadilika rangi, hujui kidevu kimekaa wapi, na nguo zinakaa kati yenu. Halafu mpe zamu ya kifuani. Koko aliyembeba mtoto kifuani mchana mmoja mara nyingi ndiye anayekuwa mlinzi mkali wa saa zake.

Mambo yakienda vibaya

*Miguu ni ya baridi.* Badilisha nepi iliyolowa, hakikisha kofia ni kavu, hakuna nguo kati yenu, ongeza triko juu. Pima tena baada ya saa moja. Akibaki chini ya 36.5, nenda hospitali naye akiwa kifuani.

*Amepata joto, anatoka jasho.* Punguza nguo za juu kwanza. Ikibaki juu ya 37.5 baada ya hapo, ni homa, nenda.

*Ameacha kupumua kwa muda.* Msugue mgongo na nyayo, nyoosha kidevu. Akirudi upesi, bado mwonyeshe munganga siku hiyohiyo. Kama hakurudi mara moja, mpulizie pumzi ndogo juu ya pua na mdomo kama mlivyofundishwa, huku mkikimbilia hospitali. Omba kufundishwa hili kabla ya kutoka maternite, wengi hawaulizi.

*Maziwa hayatoki.* Mara nyingi ni uchovu na hofu. Ongeza saa za kifuani, kamua kila baada ya saa 3 hata likitoka tone, kunywa, lala mchana. Usinunue maziwa ya kopo kabla ya kuongea na muuguzi.

*Uzito hausogei.* Hesabu saa za kifuani za wiki iliyopita, kwa ukweli. Hesabu na milo ya usiku. Kama zote ziko sawa, mtoto achunguzwe.

*Ngozi yangu inawasha.* Jasho. Osha kifua kwa maji na ukikaushe, badilisha kikwembe kila siku.

*Nimechoka, siwezi tena.* Mpe baba. Lala. Rudi kwenye hatua ya 1 na muongeze jina moja kwenye ule ukuta.

Usingoje asubuhi ukiona:

- anapumua kwa shida, kifua kinabonyea au anakoroma kwa maumivu
- amekataa kunyonya au amelegea, haamki
- degedege
- manjano kwenye viganja au nyayo
- midomo ya buluu
- kitovu kinanuka au kinatoa usaha
- anatapika kila kitu, anahara, au tumbo limevimba

Mpeleke akiwa kifuani, kofia kichwani.

Lini unamfungua?

Atakuambia mwenyewe. Akikaribia gramu 2500 au ile tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, anaanza kujinyonganyonga, kutoa mikono nje, kulia kila ukimfunga. Punguza polepole: mchana kwanza, usiku baadaye. Siku ya baridi au akirudi kutoka kuoga, mrudishe kidogo.

Chanjo zake zinahesabiwa kuanzia siku aliyozaliwa, usingoje afikie miezi tisa ya tumbo. Na kama alizaliwa chini ya gramu 1500, muulize munganga kuhusu kupimwa macho akiwa na wiki 4 hadi 6, kwa sababu macho ya watoto hawa yanaweza kuharibika kimyakimya na kuna wakati maalumu wa kuyaokoa.